Ukihama Nyumba, Jina Lisihame

Katika miaka ishirini, shangazi yangu amehama nyumba mara mbili, na mara zote mbili hakutoka Khuwair ya Kusini, mtaa wa Maskati, Oman. Alianza kwenye ghorofa iliyo juu ya duka la fundi cherehani, akahamia nyuma ya duka la dawa, na sasa anakaa jengo lenye lifti, maana magoti yamekataa ngazi. Kila alipohama, maelekezo ya njia yalibadilika. Mgeni akipiga simu huambiwa: "Ukitoka Barabara ya Sultan Qaboos, ipe bahari mgongo. Wizara na balozi ziache ng'ambo ile. Njoo huku kwenye majabali, ukifika penye duka la mikate, uliza." Siku duka la mikate likifungwa, mgeni hupotea.

Kitu kimoja hakikubadilika: sanduku lake la posta. Namba ni ile ile, na mwisho wake ni 133, msimbo wa posta wa Khuwair. Barua za benki, kadi za Idi kutoka London, mialiko ya harusi kutoka Unguja, vyote vilimfikia. Aliyemwandikia hakuwa na haja ya kujua anakaa ghorofa ya ngapi mwaka huo.

Ijumaa moja baada ya sala, kahawa na halua zikiwa mbele yetu, binti yake alimweleza kwamba picha za ukoo alizozikusanya na kuziweka kwenye tovuti zimehama. Kampuni iliyokuwa ikizihifadhi ilipandisha bei, naye akazipeleka kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo anwani ya zamani haifunguki tena.

Shangazi aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, mimi nimehama mara mbili na barua zangu zanifika. Hizo picha hazina sanduku la posta?"

Hazikuwa nalo. Makala haya yanahusu sanduku hilo: jina la tovuti ambalo ni lako mwenyewe, linaloitwa kikoa kwa Kiswahili cha wataalamu, na namna ya kuliunganisha na tovuti ya picha iliyohifadhiwa kwa mtu mwingine. Ni kazi ya jioni moja. Asiyeifanya mapema hulipa baadaye, na wakati mwingine hulipa kwa kumbukumbu zisizorudi.

Anwani ya kupanga

Kampuni za kuhifadhi picha mtandaoni humpa kila mteja anwani ya bure. Anwani hiyo hubeba jina la kampuni, na jina lako huning'inia mbele au nyuma yake. Ni kama kumwelekeza mtu kwa jina la mwenye nyumba uliyopanga. Maadamu umo ndani, hakuna tatizo. Ukitoka, anwani hubaki kwa mwenye nyumba.

Ya kwetu ilikuwa imesambaa kila mahali. Ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ikachapwa nyuma ya kijitabu cha harusi, na ami yangu mmoja aliyeko Unguja akainakili kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha kadibodi alichokiweka kando ya redio. Siku picha zilipohama, zote hizo zilikufa pamoja. Ami alijaribu kwa wiki mbili. Mwishowe alipiga simu Maskati, na hakuuliza habari za kompyuta. Aliuliza amekosa nini hata akafungiwa picha za marehemu mama yake.

Hilo ndilo lililoniuma. Sisi tulijua kwamba ni suala la kiufundi. Yeye alijua tu kwamba mlango uliokuwa wazi umefungwa, na hakuna aliyemwambia sababu.

Picha zilizotawanyika

Kwa Waswahili wa Oman picha hizi zina uzito wake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi waliondoka Unguja na Pemba kwa haraka, na albamu si kitu cha kwanza mtu kukikumbuka anapofunga mzigo wa ghafla. Wengine walipitia Mombasa, Dar es Salaam, Cairo au Uingereza kabla ya kufika Maskati, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970 na kufungua milango kwa waliokuwa nje. Kila kituo cha safari hiyo kilibakiza picha kadhaa. Ndiyo maana picha ya arusi huweza kuwa kwa shangazi Khuwair, ya bwana harusi peke yake ikawa kwa ami Unguja, na ya mashahidi ikawa kwenye droo huko Leicester.

Geuza picha hizo utazame mgongoni. Mara nyingi utakuta mhuri wa studio. Zanzibar ilianza kupigwa picha mapema: tangu karne ya 19 Wagoa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho walikuwa na studio Mji Mkongwe. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo baadaye iliendeshwa na mwanawe Rohit. Mombasa kulikuwa na Studio ya Parekh, na Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, bingwa wa kukata na kuunganisha picha akamweka mtu mahali asipopata kufika. Hawa ndio waliotunza sura za wazee wetu.

Sehemu ya urithi huo imo kwenye maktaba kubwa. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya miaka ya 1860 na 1960. Lakini picha ya bibi yako ameketi kwenye kiti cha studio, mkono umepumzika juu ya meza yenye maua ya karatasi, haimo humo. Mlinzi wake ni wewe. Ukishaichanganua na kuipandisha mtandaoni, ulinzi huo unaingia pia kwenye anwani.

Majengo yaliyobomolewa

Atakayeniambia kwamba kampuni aliyoichagua ni kubwa, haiwezi kuondoka, namkumbusha walioondoka. GeoCities, iliyokuwa makazi ya mamilioni ya kurasa za watu binafsi, ilifungwa Oktoba 2009. Picasa, ambayo familia nyingi zilihifadhi humo albamu zao, ilisitishwa na Google mwaka 2016. Photobucket mwaka 2017 ilitangaza kwamba anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine alipe dola 399 kwa mwaka, na kurasa nyingi duniani zikabaki na miraba mitupu. Flickr, iliyoanzishwa 2004, ilinunuliwa na Yahoo, kisha SmugMug mwaka 2018, na wasiolipa wakawekewa kikomo cha picha 1,000.

Sizilaumu kampuni hizi. Biashara hufunguliwa na hufungwa, kama maduka ya Khuwair. Kosa ni letu tunapomfanya mwenye duka kuwa ndiye anayeshika jina letu.

Daftari lililozidi ukubwa

Ili kuelewa namna jina linavyoweza kubaki huku picha zikihama, turudi nyuma kidogo. Kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba. Katika miaka ya 1970 mtandao ulikuwa mdogo hata majina yote na namba zake yaliandikwa kwenye faili moja, lililotunzwa California na kikosi kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Aliyetaka jina alipaswa kuwasiliana na ofisi hiyo, nao wakalitia kwenye orodha.

Mtandao ulipokua, daftari moja halikutosha. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akifanya kazi na Jon Postel, alibuni mfumo mpya: badala ya daftari moja, ziwepo ofisi nyingi zinazoelekezana. Ukiandika anwani kwenye simu yako leo, swali huanzia kwenye seva za juu kabisa, zenye majina 13 na nakala zaidi ya elfu moja kote duniani. Hizo huelekeza kwa msimamizi wa herufi za mwisho: com, om, tz au ke. Huyo naye huelekeza kwa seva ambazo mwenye jina amezitaja. Hapo ndipo penye jibu: namba ya kompyuta iliyobeba picha.

Ni uelekezaji ule ule wa shangazi. Kwanza unaambiwa mji, kisha mtaa, kisha unafika kwa mtu anayeijua nyumba. Na mstari wa mwisho, ule unaotaja nyumba, unaandikwa na mwenye jina. Akihama anaufuta na kuandika mwingine. Wanaouliza njia hawaoni tofauti yoyote.

Jioni ya kuunganisha

Binti wa shangazi, ambaye kazi yake ni hesabu wala si kompyuta, alinunua jina la ukoo na kuliunganisha siku ile ile, mimi nikiwa pembeni na daftari. Ninayaeleza kwa mpangilio ili na wewe uweze.

Kuna milango miwili, na wengi hukwama kwa kudhani ni mmoja. Wa kwanza ni wa msajili, kampuni uliyonunua jina kwake. Wa pili ni wa kampuni inayohifadhi picha. Hulazimiki kuhamisha jina kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Unachofanya ni kulielekeza. Jina libaki kwa msajili, picha zibaki kwa mwenye kuzihifadhi, na katikati uweke mshale.

Anzia mlango wa picha. Kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kuongeza kikoa chako, andika jina, na kampuni itakupa maelekezo mawili au matatu ya kunakili. Mara nyingi huduma hii ipo kwenye kifurushi cha kulipia tu, basi ulizia kabla ya kununua jina. Kisha nenda mlango wa msajili, ufungue ukurasa wa rekodi.

Rekodi ya kwanza huitwa A. Inasema jina tupu, bila kitu mbele, liko kwenye namba fulani, tuseme 192.0.2.10. Ya pili huitwa CNAME, na mimi naiita lakabu, kwa sababu kazi yake ni kusema kwamba jina lenye www mbele ni jina jingine la anwani iliyopo kwa mwenye kuhifadhi picha. Lakabu ina faida: kampuni ikibadilisha namba zake, wewe huguswi. Lakini kwa kanuni za mfumo, jina tupu haliwekewi lakabu, ndiyo sababu linahitaji rekodi ya A. Rekodi ya tatu, wakati mwingine, ni TXT, mstari wa herufi wa kuthibitisha kwamba jina kweli ni lako.

Hapa yapo makosa manne niliyoyaona au niliyoyafanya. La kwanza, kuacha rekodi ya zamani ya A ambayo msajili huiweka kwa ajili ya ukurasa wake wa matangazo. Majibu yakiwa mawili, mgeni mmoja huona picha na mwingine huona matangazo. La pili, kuandika jina zima kwenye kisanduku kinachotaka www peke yake, na jina likajirudia mara mbili. La tatu, na ndilo baya, kufuta rekodi ziitwazo MX kwa kudhani ni takataka. Hizo ndizo zinazopeleka barua pepe. Ukizifuta, barua za kila anayetumia jina hilo husimama. La nne ni haraka.

Kuhusu haraka, elewa kwamba kila rekodi ina muda wake wa kukumbukwa, unaohesabiwa kwa sekunde. Ikiandikwa 3600, aliyeuliza njia dakika tano zilizopita ataendelea kutumia jibu la zamani mpaka saa moja iishe. Ukibadilisha seva za majina zenyewe kwa jina la com, kumbukumbu yaweza kudumu sekunde 172,800, yaani siku mbili kamili. Ndiyo maana picha zilifunguka kwenye simu yangu na hazikufunguka kwenye simu ya shangazi katika chumba kimoja. Hakuna kilichoharibika. Mwerevu anayejua atahama Ijumaa hupunguza muda huo hadi sekunde 300 siku chache kabla.

Mwisho ni kufuli, alama inayoonyesha kwamba mawasiliano yamefungwa kwa usiri. Zamani cheti chake kilikuwa cha kununua, lakini tangu 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo, na kampuni nyingi za picha huviomba zenyewe kwa niaba yako mara tu rekodi zinaposomeka. Kama onyo la usalama bado linatokea, usirudie kila kitu. Kagua rekodi, kisha subiri.

Saa nne usiku jina tupu na jina lenye www yote yalifungua ukurasa mmoja. Tulimpigia ami Unguja, tukamsomea herufi moja moja, naye akaandika kwenye kadibodi mpya.

Tahajia ya nani?

Kuchagua jina kulichukua muda mrefu kuliko kuliunganisha. Oman ina om, iliyoanza kutumika 1996, na ipo pia kwa herufi za Kiarabu. Tanzania ina tz ya tangu 1995, ambayo Zanzibar huitumia pia, na Kenya ke ya tangu 1993. Kila mamlaka ina masharti yake, kwa hiyo yasome kwanza. Kwa ukoo uliotawanyika nchi tano tuliona com inafaa, kwa sababu haimwambii yeyote kwamba yuko ugenini.

Shida ilikuwa tahajia. Majina yetu yametoka Kiarabu, yakapita kinywa cha Kiswahili, yakaandikwa na makarani wa Kiingereza. Saidi, Said na Saeed wanaweza kuwa watoto wa baba mmoja wenye pasipoti tatu. Hata mtaa huu wenyewe kuna wauandikao Khuwair na wauandikao Khuweir. Shangazi ndiye aliyekata shauri: liandikwe kama marehemu bibi alivyolitamka, kwa Kiswahili, fupi, bila mistari ya katikati, ili aweze kulisoma kwa simu bila kurudia. Kipimo hicho nakipendekeza kwa kila mtu. Jina lisilosomeka kwa simu litapotea njiani.

Mwenye jina na mwenye picha

Jina halinunuliwi moja kwa moja. Hukodiwa kwa mwaka au miaka kadhaa, na lisipolipiwa huondoka. Kwa majina kama com, baada ya kufutwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku tano, kisha liko sokoni kwa yeyote. Namjua mtu aliyepoteza jina la biashara yake ya picha kwa sababu taarifa za malipo zilikwenda kwenye barua pepe aliyokwisha kuiacha. Wengine jina lao limesajiliwa kwa jina la kijana aliyewatengenezea tovuti. Kijana akihama, jina linahama naye. Hakikisha mwenye jina kwenye daftari la msajili ni wewe, na weka barua pepe unayoifungua kila siku.

Ukiacha kampuni ya picha, futa pia lakabu uliyoielekeza kwake. Mshale unaoonyesha nyumba tupu humkaribisha tapeli kuingia na kuketi chini ya jina lako.

Na usisahau kwamba jina hulinda njia tu. Picha zenyewe zinahitaji nakala nyumbani, angalau kwenye diski mbili, moja ikae nyumba tofauti. Siku ya kuhama, jina litaelekea kwenye tovuti mpya, lakini pasipo nakala hutakuwa na cha kuweka humo.

Kuna jambo jingine ambalo mashine haiwezi kukuamulia. Katika albamu zetu wamo mama na bibi waliopigwa picha ndani ya nyumba, vichwa wazi, kwa ajili ya macho ya jamaa. Kuwa na jina zuri la tovuti hakutupi ruhusa ya kuwaweka uwanjani. Tuligawa picha mara mbili: za mbele kwa kila mtu, za ndani kwa nenosiri linalotolewa kwa mdomo. Walio hai tuliwauliza mmoja mmoja. Kwa waliotangulia, tuliwauliza watoto wao wakubwa.

Kula kikoa

Nilipomwambia shangazi kwamba jina kama hili huitwa kikoa, alicheka. Neno hilo analijua tangu utotoni, kabla intaneti haijazaliwa. Kwa watu wa pwani, kikoa ni chakula cha kushirikiana: leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mmoja kwa zamu yake, na wote wanakula.

Basi tulilipanga hivyo. Ada ya mwaka ni ndogo, mtu mmoja angeweza kuilipa bila kuhisi. Lakini jambo linaloshikwa na mtu mmoja hufa naye, au huisha siku kadi yake ya benki inapoisha muda. Kwa hiyo tumeandika zamu: mwaka huu Maskati, mwakani Unguja, kisha Leicester, kisha Dubai. Mwenye zamu hulipa na kupandisha picha kumi mpya kutoka kwenye droo zake, na majina ya waliomo yameandikwa chini. Nenosiri la msajili liko kwa watu wawili wa nchi mbili.

Zamu ya kwanza aliichukua shangazi mwenyewe. Alipokea risiti kwa barua pepe, akataka ichapwe kwenye karatasi. Ameikunja na kuiweka kwenye kibweta kimoja na ufunguo wa sanduku lake la posta.